Barua ya wazi: Tupeni mita moja na nusu ya lami

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi, waheshimiwa wa Bunge la Kaunti, Bodi ya Manispaa ya Malindi, na wahandisi wa mamlaka za barabara, KeNHA, KURA na KeRRA.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa baiskeli. Kibanda changu kiko Maweni, hapa Malindi, na mwaka huu natimiza miaka 23 nikiziba pancha na kunyoosha rimu chini ya mwarobaini uleule. Barua hii niliiandika kwa mkono jioni tatu mfululizo baada ya kufunga kazi, kisha binti yangu akanichapia. Nawaomba muisome hadi mwisho, kwa sababu jambo ninalolileta ni fupi kwa kimo, halifiki hata shubiri, na limevunja watu wengi.

Jambo lenyewe ni ukingo wa lami.

Mwezi wa Juni mwaka jana, upepo wa kusi ukiwa umekaza, tuktuk ilisimama mbele ya kibanda ikashusha baiskeli kuukuu ya Black Mamba. Niliitambua kabla haijagusa chini, maana karia yake niliichomelea mimi. Ni ya mchuuzi wa samaki, mtu mzima mwenye wajukuu. Alfajiri hununua samaki aina ya changu na tafi kule Mayungu, akazitandika barafu ndani ya sanduku la mbao, akazipeleka vijiji vya Msabaha na Gede. Sanduku lilikuwa limepasuka na bado lina magamba. Mwenyewe alikuwa hospitali, mguu umevunjika mahali pawili.

Nikaanza kama ninavyoanza daima, nikazungusha gurudumu la mbele. Rimu haikupinda sana. Lakini tairi lilikuwa limekwanguka ubavuni, upande wa kulia, urefu wa shubiri nzima, mpira umeliwa hadi nyuzi zinaonekana. Upande wa kushoto lilikuwa zima kabisa. Nikalitazama kwa muda. Sisi hapa Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwenye baiskeli mchanga uko kushoto kwake na lami iko kulia. Kilichokwangua lile tairi kilikuwa upande wa lami, na hakikuwa gari. Gari likikugonga halikwangui tairi shubiri moja kwa unadhifu namna ile.

Nilipokwenda kumjulia hali nikamuuliza. Akanieleza akiwa amelala, macho yake kwenye dari. Basi lilimpigia honi kutoka nyuma, honi ile ndefu ya kukwambia toka. Akatoka, akashuka mchangani na mzigo wake, hakuanguka. Basi likapita. Mchanga ulikuwa mzito, baiskeli inazama, na upepo unampiga usoni. Akageuza usukani kidogo arudi juu ya lami. Gurudumu la mbele likaugusa ukingo, halikupanda. Likawa linasuguana nao, yeye tayari ameinamia kulia, na sanduku la samaki nyuma linamsukuma. Akaangukia kulia, juu ya lami. Nyuma ya basi kulikuwa na lori.

Dereva wa lori alijitahidi kukwepa, ndiyo maana nasimulia habari ya mguu wala si ya msiba.

Waheshimiwa, hapo ndipo nilipofahamu kitu ambacho nilikuwa nikikishika mikononi miaka yote bila kukiona. Mtu wa baiskeli haumii anaposhuka. Anaumia anapopanda. Ukingo ukiwa umekatika wima, hata ukiwa na kimo cha vidole vinne tu, tairi likiujia kwa mshazari haliwezi kuupanda, huburutwa sambamba nao. Asiye na mzigo ataruka. Mwenye mitungi minne ya maji ya lita 20 ana kilo 80 nyuma yake, na kilo 80 haziruki. Tangu siku ile, kila baiskeli inayoletwa kwangu kwa ajali ya barabara kuu, kwanza natazama ubavu wa kulia wa tairi la mbele. Yale yaliyokwanguka nimeyatundika nyuma ya kibanda. Yeyote kati yenu akitaka kuyaona, yapo.

Ukingo huo hautokei kwa bahati mbaya. Lami yetu inamwagwa, kando yake unabaki mchanga mtupu au changarawe isiyoshindiliwa. Matatu zinatoka zikisimama kupakia, zinachimba. Masika ya Aprili na Mei yakija, maji yanateremka kutoka kwenye lami yanasomba kilichobaki. Ikifika Juni, wakati kusi inavuma kwa nguvu, lami imebaki juu kama ukuta mdogo. Kila mwaka ni hivyo.

Na anayetembea juu ya ukuta huo ni nani? Labda mnapopita kwa magari saa tatu asubuhi mnaona baiskeli chache mkadhani tumekwisha, kwamba bodaboda na tuktuk zimetumaliza. Saa tatu sisi tumeshafika zamani. Wakati wetu ni saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua. Wanapita wenye mkaa kutoka upande wa Kakoneni, magunia mawili yamesimama wima nyuma ya mgongo. Wanapita wenye madafu na makuti kutoka Ganda, na wenye tembo la mnazi, mitungi yao inatoa povu mdomoni. Anapita kijana wa mikate na sanduku lake la bluu. Wanapita walinzi wa hoteli wanaorudi zamu na vibarua wa mijengo wanaokwenda. Mama karanga wanaokaanga samaki jioni pale mtaani, samaki wao wengi walifika kwa baiskeli. Maji yanayopikiwa chai mitaani mifereji ikikauka, yalifika kwa baiskeli. Mji huu unakula kifungua kinywa kilichosukumwa kwa miguu ya watu, gizani, juu ya ukingo wa lami.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza halihitaji fedha yoyote. Mnapohesabu magari kabla ya kuchora barabara, hesabuni na baiskeli, na muanze kuhesabu kungali giza. Barabara huchorwa kwa kile kilichohesabiwa. Asiyeingia kwenye daftari hatapata nafasi kwenye lami.

Nimewahi kuambiwa, na mtu aliyekaa nyuma ya meza, kwamba mwenye baiskeli hana haki ya kudai kwa sababu hailipii barabara. Tozo ya matengenezo ya barabara hukatwa kwenye mafuta, shilingi 25 kwa kila lita tangu mwaka 2024, na baiskeli haiendi kwenye pampu. Neno hilo liliniuma, nikalala nalo. Sasa najibu. Mimi nanunua unga ulioletwa na lori, na tozo ya mafuta ya lori hilo imo ndani ya bei ya unga wangu. Nikienda Mombasa kuchukua vipuri napanda matatu, na nauli yangu ina tozo hiyo. Tena wahandisi mnajua kuliko mimi kwamba kinachoharibu lami ni uzito wa ekseli, na kwamba uharibifu haupandi sawasawa na uzito. Ekseli ikizidishiwa uzito mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Kwa hesabu hiyo baiskeli haijawahi kuitoboa barabara yoyote Pwani nzima. Tunalipa kidogo, ndiyo, na tunaharibu karibu na sufuri.

Sasa nije kwenye tunachotaka.

Tunataka mita moja na nusu ya lami kila upande, iliyo kimo kimoja na barabara, imetengwa kwa mstari mnene. Hicho tu. Muanze barabara kuu kati ya Gede na Malindi, halafu kutoka mjini kwenda Sabaki na Mambrui. Najua barabara kuu ya Pwani ina mipango mikubwa, na upanuzi kutoka Mombasa kuja Kilifi ulikwisha kuanzishwa. Kipande chetu kikifikiwa, mita hiyo moja na nusu iwe imeshaandikwa kwenye michoro tangu siku ya kwanza. Kuiongeza wakati mitambo iko pale, lami inachemka na watu wako kazini, ni gharama ndogo. Kurudi miaka mitano baadaye kubomoa na kujenga upya ndiyo gharama.

Kabla ya hapo, lipo la kufanyika mwaka huu huu. Masika yakimalizika, kila mwaka, mwezi wa Juni usipite kabla kando za lami hazijajazwa changarawe ikashindiliwa mpaka iwe sawa na lami. Ni kazi ya vijana wenye makoleo, malori machache na mtambo mmoja wa kushindilia. Na kila mnapomwaga lami mpya juu ya ile ya zamani, kumbukeni kwamba mnauongeza kimo ukingo. Marekani wana mbinu ambayo naipenda kwa sababu ni ya kifundi: lami ikiwa bado ya moto, ukingo wake hubanwa ukawa mteremko wa nyuzi 30 badala ya kuachwa wima. Tairi likiugusa linapanda bila kusuguana. Ni kifaa kinachofungwa kwenye mashine ya kumwagia lami. Lau mchuuzi wangu angeukuta ukingo wa namna hiyo, angefika Gede na samaki wake.

Mjini mambo ni mengine, na hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wa bodaboda hawatalipenda. Mkichora mstari peke yake ndani ya mji, kufikia Jumatatu utakuwa umeegeshwa tuktuk, na kufikia Jumatano pana meza ya chaja za simu. Siwalaumu, kila mtu anatafuta riziki mahali watu wanapita. Kwa hiyo mjini tunahitaji njia iliyoinuliwa au iliyotengwa kwa vizuizi vya zege, na tuktuk zipewe steji zao zinazoeleweka, wachuuzi wapewe pao. Msiwafukuze kwa rungu halafu mkasema mmefanya kwa ajili ya baiskeli. Tutachukiwa bure.

Mifuniko ya mitaro nayo. Ile yenye nondo zinazokwenda kwa urefu, sambamba na barabara, ni mtego. Gurudumu linaingia kati ya nondo mbili, baiskeli inasimama, mtu anaendelea. Geuzeni nondo zikae mkingamo. Zege halibadiliki, chuma hakiongezeki, ni kugeuza tu.

Halafu mwendo. Sheria ya Trafiki inasema ndani ya miji na vituo vya biashara gari lisizidi kilomita 50 kwa saa. Nje ya mji mabasi na malori makubwa yana kikomo cha kilomita 80. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde moja. Tamka “Bismillahi”, gari limeshakula mita 22. Kwenye kilomita 30 ni mita nane na kitu, na hapo dereva anaona, anakanyaga breki, na mara nyingi aliyegongwa huamka. Mwezi wa Februari 2020 mawaziri wa nchi nyingi walikutana Stockholm wakatamka kwamba mahali ambapo watu wa miguu na baiskeli wanachanganyika na magari, mwendo uwe kilomita 30. Naomba 30 hiyo mbele ya kila shule iliyo kando ya barabara, sokoni, na juu ya daraja la Sabaki. Darajani hakuna mchanga wa kushukia. Honi ikilia nyuma yako pale, huna pa kwenda ila kuomba Mungu na kukaza pedali.

Kibao peke yake hakitoshi, wala tusidanganyane. Tuta lililojengwa vizuri, lenye rangi inayoonekana usiku, ndilo linalofanya kazi saa zote bila kulala.

Nimetaja shule kwa sababu. Binti yangu huyu anayenichapia barua alikuwa akienda shule kwa baiskeli niliyomuundia mwenyewe, fremu ndogo, kiti nimekishusha, kengele mpya. Alipofika kidato cha pili mama yake akakataa. Siku hiyo lori lilikuwa limempitia karibu hadi mtandio ukaruka. Akaanza kutembea, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, anafika nyumbani magharibi imeshaingia. Baiskeli yake ikabaki kibandani. Mafundi wenzangu wananiambia wateja wa kike hawaongezeki, wanadhani ni mila au ni aibu. Mimi naona ni lori. Mpe msichana njia ambayo mama yake anaweza kuitazama kwa macho bila moyo kumwenda mbio, atapanda.

Wageni nao wangepanda. Magofu ya Gede yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwezi wa Julai 2024, msitu wa Arabuko Sokoke uko hapo hapo, na ghuba ya Mida si mbali. Ardhi yenyewe ni tambarare. Sitasema mengi juu ya hili. Ila nawasihi msianze na njia nzuri ya rangi mbele ya hoteli za ufuoni mkatuacha sisi wa Msabaha tungoje awamu ya pili. Anzeni pale ambapo watu wanaumia.

Juu ya nani anayehusika, nilijaribu kuuliza kabla ya kuandika. Nilikwenda ofisi moja, nikaambiwa kipande ninachokitaja si chao. Nikaenda ya pili, wakanielekeza ya tatu. Ya tatu nikaambiwa niandike barua. Sizitaji, maana sikuja kushtaki mtu. Najua Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu, moja ya barabara kuu, moja ya mijini, moja ya vijijini, na Katiba ya 2010 ikaipa kaunti barabara zake. Lakini mwenye baiskeli anayetoka Mayungu hadi sokoni Malindi anapita mikononi mwa zaidi ya mmoja kati yenu kabla ya kushusha sanduku. Tairi halioni mpaka wa mamlaka. Naomba Bodi ya Manispaa iwaite wote meza moja, na mkitoka hapo mtueleze kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa baraza, nani anajaza ukingo gani. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa bungeni ifikapo tarehe 1 Septemba. Nitautafuta nione kama neno “baiskeli” limo.

Sisi nasi tuna letu la kufanya, na sitalificha. Wapo wanaoendesha usiku bila taa hali sheria inataka taa. Wapo wanaokuja upande wa kulia wakikabili magari, wapo ambao breki zao ni kandambili. Nimewakaripia wengi. Tangu ajali ile, baiskeli haitoki kibandani kwangu bila rifleketa nyekundu nyuma na breki mbili zinazoshika, mwenye pesa na asiye na pesa. Rifleketa nazinunua mwenyewe. Kaunti ikitaka kunisaidia hapo, mafundi tupo kila mtaa, Ngala, Barani, Muyeye, Shela. Tupeni rifleketa na taa ndogo, tutazifunga bure, na katika mwezi mmoja mji mzima utang'aa nyuma.

Mwisho, nawaalika. Njooni siku yoyote ya kazi, saa kumi na moja kamili alfajiri, bila msafara. Kibanda changu kina benchi la watu wanne na nitakuwa nimechemsha chai ya tangawizi. Tutakaa tuwaangalie wanaopita, kisha tutakwenda pamoja hadi barabara kuu na futikamba yangu tupime ukingo huo, mheshimiwa ashike ncha moja nami nishike nyingine. Anayetaka kujaribu kuupanda na mitungi minne, baiskeli nitampa, nami nitakuwa nimemshika karia.

Ile Black Mamba ya mchuuzi nilikwisha kuitengeneza. Nimeifunga tairi jipya la mbele, sanduku nimelipigilia mbao mpya. Yeye sasa anatembelea mkongojo. Alipita mwezi uliopita, akaipapasa kiti, akasema bado hajawa tayari kurudi barabara ile. Kwa hiyo ningali nayo, na kila Jumamosi naijaza upepo.

Wenu mtiifu,
Fundi wa baiskeli, Maweni, Malindi